Mjomba Aliuliza Kina cha Maji

Nikisimulia kwamba nilikaa usiku ndani ya mashua ndogo nikiutazama mlima unatema moto, watu huniuliza kama niliogopa. Mjomba wangu hakuuliza hilo. Yeye kavua upande wa mashariki wa Unguja maisha yake yote, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Hapo mliposimama, kina chake kiasi gani?"

Nikamjibu kwamba nanga haikutiwa kabisa, maana kisiwa kile kinashuka wima. Ukitoka kidogo tu ufukweni, chini hupaoni tena. Akaguna. "Basi hamkusimama. Mlikuwa mnachukuliwa." Akaendelea: upepo ulitoka wapi, omo, mbele ya chombo, lilielekea upande gani, mashine moja au mbili, na nahodha mwenyewe alikuwa akitazama wapi. Hilo la mwisho ndilo lililonishika, na nitalifikia.

Video za volkano zimejaa kwenye simu zetu, na takriban zote zimepigwa kutoka nchi kavu au kwa droni. Humo mlima ndio kila kitu, na bahari, ikiwemo, ni pambo. Ukiwa chini kwenye maji mambo hugeuka. Na naona sisi watu wa visiwa, tuliofundishwa skuli kwamba volkano ni habari ya bara, tungezitazama kutoka huko huko majini, kwa sababu huko ndiko zinakotufikia.

Mlima wenyewe ni Stromboli, kisiwa kidogo kaskazini ya Sicily, Italia. Anayeijua Kiwengwa, ufukwe wetu wa mashariki uliojaa watalii wa Kitaliano, hatauliza nilifikaje. Kwetu Kitaliano hatukukisoma, tulikiokota ufukweni neno moja moja huku tukiuza vinyago na safari za kisiwa cha Mnemba. Kuna watoto wanaohesabu kwa Kitaliano vizuri kuliko kwa Kiingereza. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alioa huko, akahamia kisiwa cha Lipari, na sasa anapika katika mkahawa wa samaki. Habari ya viza niiache. Ile inataka makala yake na moyo uliotulia. Nilipofika, ndugu yangu hakutaka kusikia habari ya tiketi za boti ya watalii. Alizungumza na mvuvi anayemuuzia samaki, mzee mwenye mashua ya mbao na mashine ya dizeli tumboni mwake, tukaondoka Lipari baada ya chakula cha mchana: sisi wawili, mzee, na kikapu cha mikate, zeituni na nyanya.

Ni mwendo wa kilomita 40 hivi, unapita kando ya kisiwa cha Panarea. Njiani ndugu yangu aliniambia jambo ambalo mwanzoni lilimkosesha raha kuliko hata baridi: bahari ile haipwi. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na ukichelewa kutoka utakaa mchangani mpaka yarudi. Kule tofauti haifiki hata nusu mita. Mtu anafunga chombo chake gatini kwa kamba fupi, anakwenda zake kulala. "Mwaka mzima nilikuwa naangalia saa," aliniambia, "nangoja maji yatoke."

Stromboli huonekana kutoka mbali, pembe tatu imesimama peke yake juu ya maji, na kofia ya moshi juu. Kilele kina mita 924 kutoka usawa wa bahari, lakini mlima umeanzia kwenye sakafu ya bahari, kiasi cha mita 2,000 huko chini. Kinachoonekana ni kama theluthi yake. Umekuwa ukilipuka, pamoja na mapumziko ya hapa na pale, kwa zaidi ya miaka 2,000. Mabaharia wa zamani waliutumia kujua walipo usiku, ndiyo maana ukapewa sifa ya kuwa taa ya Mediterania. Nilipomweleza mjomba sifa hiyo akauliza unapiga kila baada ya muda gani. Kwetu taa ya kisiwa cha Chumbe imesimama tangu 1904, na nahodha anaijua kwa mpigo wake. Nikamwambia huu hauna mpigo: mara dakika 10, mara 20, mara milipuko miwili inafuatana.

"Hiyo si taa," akasema. "Hiyo ni habari tu kwamba hapo pana mlima."

Tulishuka kijijini kunyoosha miguu. Nyumba nyeupe, mapaa bapa, vichochoro ambavyo usiku havina taa hata moja ya barabarani. Mchanga wao ni mweusi, na jioni ile ulikuwa bado unachoma nyayo. Mtu aliyekulia kwenye mchanga wa Kiwengwa, ambao hata saa saba mchana hukanyagika kwa weupe wake, hulijua hilo kwa mguu kabla ya jicho. Kuna watu mia kadhaa tu wanaoishi pale mwaka mzima. Niliwaona wawili watatu wamekaa mlangoni, migongo imeelekea mlimani, wanazungumza yao.

Jua lilipozama mzee alizunguka na kisiwa hadi upande wa kaskazini magharibi, penye kile wanachokiita Sciara del Fuoco: mteremko mpana mweusi unaoanzia chini ya kasoko, yaani shimo la kileleni, mpaka ndani ya bahari, hauna mti, hauna nyumba, hauna njia. Kila kinachotemwa na mlima upande ule huteremkia pale. Kulikuwa na boti nyengine kadhaa, kubwa, zenye taa za rangi na watu wamejipanga ubavuni. Mzee akajitenga nazo kuelekea nje zaidi, akazima mashine.

Sasa tukangoja. Mimi kungojesha watu ni kazi yangu. Wageni wa Mnemba huuliza pomboo watakuja saa ngapi, na sisi hujibu "sasa hivi" kwa sauti ya mtu aliyeahidiana nao. Pale mgeni nilikuwa mimi, na swali lile lile lilikuwa linaniwasha ulimini. Tofauti ni kwamba pomboo tunaweza kuwafuata, na tunawafuata kupita kiasi. Asubuhi za msimu utakuta boti zimewazingira wanyama wale mpaka hawana pa kuibukia kupumua. Mlima haufuatwi. Hakuna bahashishi itakayouharakisha. Naungama, kwa mtu wa biashara ya utalii lile lilinipa burudani ya pekee.

Kwanza moshi juu ya kilele ukawa mwekundu kwa chini. Sauti hakuna. Kisha mchirizi wa cheche ukapanda wima, ukasita huko juu, ukafunguka, ukaanza kuanguka kila upande, na bado sauti hakuna. Nilikuwa nimeshaanza kushusha pumzi ndipo mlio uliponifikia, mzito na mfupi, nikauhisi kifuani na kwenye ubao niliokalia kabla masikio hayajaamua ni kitu gani. Mlipuko uliofuata tulihesabu polepole kutoka mwako mpaka mlio, tukafika tano. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ndugu yangu, ambaye skuli alikuwa akinishinda hesabu na hajaacha kunikumbusha, akasema tupo kilomita moja na mita mia saba kutoka mdomoni.

Halafu mawe. Hili sikulijua kabla ya kwenda, na hakuna video iliyowahi kunipa. Vipande vikubwa vilivyoangukia mteremkoni havikuzimika. Vilibiringika, vikagongana, kila kimoja kikipasuka kinaonyesha wekundu mpya wa ndani, na kadiri vilivyokuwa vinateremka ndivyo tulivyovisikia, mgongano baada ya mgongano, katika kimya cha mashine iliyozimwa. Vingi viliishia njiani. Vichache vilifika chini, vikaingia baharini kwa mlio mdogo wa kuungua na pumzi ya mvuke mweupe, basi, maji yakafunga. Kitu kilichotoka mlimani kina joto la nyuzi zaidi ya 1,000 kikamezwa na bahari kwa muda wa kufumba jicho. Upepo ulipogeuka kidogo tulipata harufu ya kiberiti, ikakaa kooni mpaka tulipokula nyanya.

Kinachosababisha milipuko ile ya kila mara ni gesi. Ndani ya shina la mlima mna magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, nzito isiyokwisha kuchemka, na gesi iliyomo hujikusanya ikawa viputo vikubwa vinavyopanda taratibu. Aliyewahi kusimamia sufuria ya uji mzito anajua: kiputo kikubwa hufika juu, uji unavimba, unapasuka, na wewe unarukiwa mkononi. Stromboli hufanya hivyo mchana na usiku, na kwa kuwa gesi haipati nafasi ya kurundikana mno, milipuko mingi hubaki midogo, ya kurusha mawe mita 100 au 200 hivi juu ya kasoko. Wanasayansi wamelichukua jina la kisiwa hiki kuwaitia milima yote duniani yenye tabia hiyo.

Ndugu yangu alisema Subhanallah, akairudia, kisha akatoa simu. Picha anayo mpaka leo. Ina doa jekundu na giza.

Na mzee? Hapa ndipo swali la mjomba. Mzee hakuwa akiutazama mlima. Alikaa tezi, nyuma ya chombo, mkono mmoja kwenye usukani, mwengine una mkate, na macho yake yalikuwa yakienda kwenye mteremko na kurudi kwenye maji, kwenye mteremko na kurudi kwenye maji. Mlipuko ukija hakugeuza hata kichwa. Nilidhani amezoea. Ndugu yangu alipomuuliza, akasema kwa ufupi kwamba moto huko juu haumhusu; kinachomhusu ni ule mteremko.

Tarehe 30 Desemba 2002, siku chache baada ya mlima kuanza kumwaga lava, sehemu ya Sciara del Fuoco iliporomoka, juu ya maji na chini ya maji. Bahari ikapokea mzigo ule kwa ghafla, ikausukuma kwa wengine. Mawimbi yaliyotokea yalipanda kama mita 10 kwenye baadhi ya sehemu za ufukwe wa kijiji, yakavunja nyumba na vyombo. Hakuna aliyekufa, na sababu kubwa ni kwamba ilikuwa majira ya baridi. Ingekuwa Agosti, ufukwe ule ungekuwa umejaa watu. Tangu hapo wamefunga vipimo baharini na ving'ora kisiwani.

Kisha 2019. Tarehe 3 Julai mlima ulitoka nje ya kawaida yake, ukalipuka kwa nguvu na kumuua mtu mmoja aliyekuwa akitembea mteremkoni. Tarehe 28 Agosti ukarudia, na safari hii wingu la majivu na gesi ya moto liliteremka Sciara, likafika chini, na halikusimama. Liliendelea juu ya uso wa bahari. Kuna video ya mashua ya matanga ikilikimbia wingu lile, na wanaoijua bahari wataelewa nikisema kwamba niliitazama mara moja, nikaifunga. Mzee aliposimama nje zaidi ya boti zile kubwa hakuwa mwoga. Na alipozima mashine aliiacha gia pale pale anapoijua, ufunguo ukiwa kwenye tundu lake.

Mjomba alisikiliza yote haya pale barazani, akamaliza kahawa yake. "Kwa hiyo huo mlima unaua kwa maji," akasema.

Si huo tu. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2018, ubavu wa Anak Krakatau, kule Indonesia kati ya Java na Sumatra, ulianguka baharini. Hakukuwa na tetemeko kubwa la kuwashtua watu wala kusikika onyo lolote. Wimbi liliwakuta pwani wako kwenye starehe zao za Jumamosi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mlima huo ni mtoto wa mlima mwengine, Krakatau yenyewe, uliojipasua tarehe 26 na 27 Agosti 1883. Waliokufa mwaka ule walipindukia 36,000, na wengi wao hawakuuawa na moto bali na mawimbi. Mlipuko ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, karibu na Mauritius, umbali wa kilomita 4,800 hivi, ambako ulidhaniwa kuwa mizinga ya meli.

Na hapo ndipo Unguja inapoingia.

Fungua ramani. Krakatau na Mji Mkongwe vinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja, nyuzi sita na kitu kusini ya ikweta, huku kwetu na huko kwao, na katikati takriban hakuna kitu ila maji, zaidi ya kilomita 7,000 za maji. Mkondo mkubwa wa upande huu wa ikweta huenda magharibi. Krakatau ilirusha mawe mengi ya aina ile nyepesi, yaliyojaa vitundu vya gesi, yanayoelea. Yaliifunika bahari kwa maeneo makubwa, yakaanza safari. Julai 1884, miezi 11 baadaye, watoto wa skuli moja ya misheni hapa Unguja walikuwa wakicheza ufukweni kwa kurusha majini mawe yasiyozama. Aliyekuwa nao akaona jambo jengine kwenye mstari wa maji makuu: mafuvu na mifupa ya watu, safi, haina nyama, imetapakaa pamoja na mawe yale. Taarifa hiyo ilihifadhiwa, na haikuwa pekee katika pwani ya Afrika Mashariki.

Nimeusoma mkasa huo mara nyingi na kila nikiusoma najiuliza waliofanywa maziko ni wangapi, na waliozika walijua nini. Watu wa Java na Sumatra wakati ule walikuwa Waislamu wengi wao. Waliletwa na maji mpaka ufukweni kwa Waislamu wenzao, na hakuna aliyeweza kusema wametoka wapi.

Bibi yangu alikuwa na jiwe la kusugulia visigino. La kijivu, ukubwa wa nusu andazi, na ukiliangalia karibu lina vitundu vidogo vidogo, vyengine vimezibwa na mchanga mweupe. Alisema aliliokota Jambiani akiwa mwali. Tulikuwa tukilitia kwenye ndoo ya maji ili tulione linaelea, tukigombezwa. Limetoka mlima gani siwezi kujua. Milima inayotema mawe ya aina ile ni mingi na bahari hailali. Lakini kuna kitu kimoja nakijua. Kisiwa hiki hakina hata kokoto moja ya volkano iliyo yake. Unguja na Pemba ni matumbawe, chokaa, mchanga na udongo. Chimba kisima unapotaka, utakutana na jiwe la bahari. Kwa hiyo jiwe la bibi, kama mawe yote ya namna yake yanayookotwa pwani ya mashariki, ni mgeni aliyekuja kwa njia ya maji.

Skuli tulisoma Kilimanjaro, mita 5,895, na Ol Doinyo Lengai, ambao lava yake ni ya baridi kuliko zote duniani na ukiiona mchana ni nyeusi. Nilizichora zote mbili kwa penseli za rangi. Hakuna mwalimu aliyetugeuza uso upande wa pili, kusini mashariki, kilomita kama 750 kutoka hapa, kwenye mlima ambao nusu ya mtaa wetu wa mjini walikuwa na shangazi chini yake. Nazungumzia Karthala, kisiwani Ngazija, Komoro.

Karthala una mita 2,361 na kasoko yake ni miongoni mwa kubwa sana kwa milima iliyo hai. Wangazija wamekuwa Unguja tangu enzi za masultani; wamekuwa mafundi, mabaharia, walimu na masheikh. Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi mkubwa aliyefariki hapa 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zina ndugu Moroni? Na bado ukimwambia kijana wa hapa akutajie volkano atakutajia ya Arusha.

Mwaka 1977 lava ya Karthala iliteremka mpaka kijiji cha Singani, ikakifunika sehemu kubwa, ikaendelea kuelekea pwani. Mwaka 2005 mlima ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na safari hizo hakikuja kijito cha moto bali majivu. Kwa mtu wa mbali majivu ni afadhali. Kwa Mngazija sivyo. Kisiwa chao ni jiwe la volkano lililojaa nyufa, mvua ikinyesha hupenya yote ikapotea chini. Mito ya kudumu hakuna. Watu wanakunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabirika, yaani matangi ya kujengwa. Majivu yalipoanguka yaliangukia mapaa, na mapaa yakayateremsha kwenye mabirika, na ghafla watu laki kadhaa waliozungukwa na bahari hawakuwa na maji ya kunywa. Jirani yetu wa zamani, mama wa Kingazija anayetuma ubani kila Ramadhani, alimwambia mama yangu kwenye simu kwamba hakuliogopa giza la majivu. Aliogopa alipofunua birika.

Mei 2006 mlima ukaamka tena, na ndani ya kasoko likatokea ziwa la lava. Usiku watu wa Moroni waliona wekundu angani juu ya kilele. Mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ulikuwa Januari 2007. Tangu hapo umenyamaza.

Hiyo ndiyo Karthala, inayoonekana. Nimeiweka mwisho ile isiyoonekana kwa sababu ndiyo iliyomwinua mjomba kutoka kwenye mkeka.

Mei 2018 kisiwa cha Maore, ambacho kiko chini ya Ufaransa na ramani zao hukiita Mayotte, kilianza kutikisika. Matetemeko yaliendelea miezi na miezi, watu wakalala nje. Tarehe 11 Novemba mwaka huo mitambo ya kupimia matetemeko duniani kote ilinasa mvumo wa ajabu, wa chini sana, ambao hakuna binadamu aliyeusikia, ukaendelea kwa zaidi ya dakika 20. Wataalamu walishinda wakiulizana umetoka wapi. Vipimo vya setilaiti vilionyesha Maore yenyewe inazama taratibu na kusogea mashariki. Ndipo Mei 2019 meli ya utafiti ya Wafaransa ikapita juu ya pale, ikapiga ramani ya chini, na kukuta mlima ambao haukuwepo: kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, kwenye kina cha mita 3,500, mlima mpya wenye urefu wa mita 800 na kitu. Umepewa jina Fani Maoré. Ni mlipuko mkubwa kuliko wowote wa chini ya bahari uliowahi kufuatiliwa na wanasayansi, na umetokea kiasi cha kilomita 1,000 kutoka hapa nilipokaa.

Mjomba aliniamuru nirudie ile namba ya kina. Nikarudia. Mkondo wa Pemba, ambao wavuvi wa hapa huutaja kwa heshima, ni kama mita 800. Akahesabu kwa vidole, akapiga ulimi. "Na juu yake vyombo vinapita?"

Vinapita. Mlima wa mita 800 umejijenga katika muda usiofika mwaka, na aliyekuwa juu yake ndani ya mashua angeweza kutia ndoana, kuswali, kula, na kurudi nyumbani bila kujua lolote. Kina kile chote cha maji kimeukandamiza, gesi haikupata nguvu ya kulipuka mpaka juu. Nikafahamu basi kwa nini mjomba alianza na kina. Lile swali nililoliona la mvuvi aliyezeeka, asiye na habari na moto, ndilo linaloamua kama volkano itakuwa ya kutazamwa, ya kukimbiwa, au ya kupitiwa juu yake bila habari.

Wapo watakaoniandikia kutaka kujua wafanyeje wakienda, basi nijibu hapa hapa. Nendeni mwezi ukiwa mchanga au umeshafifia. Mbalamwezi huua nusu ya wekundu. Chukueni jaketi hata kama mchana mlitokwa na jasho, kwa sababu upepo wa usiku baharini kule si wa kusi wetu. Msiahidiwe chochote: zipo jioni mlima hukaa kimya kwa saa nzima au wingu hukalia kilele, na nahodha hana pa kulalamikiwa. Kama kuna amri ya kukaa mbali, na mara nyengine ipo, msimbembeleze nahodha asogee. Mwombeni azime mashine, maana wengi hawazimi mpaka waombwe, na mkiwa kimya mtayasikia mawe. Chombo kikiwa kidogo ndiyo bora. Mkilazimika kupanda boti kubwa, kaeni upande ulio mbali na spika.